Picha zilizorudiwa katika tafiti za saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa tiba na sayansi, wauguzi, waandishi wa habari, na wagonjwa wa saratani na jamaa zao hapa Uganda. Baadhi yaliulizwa kwa hasira. Sikuyapunguza makali, kwa sababu hasira nyingine ni za haki.

Picha iliyorudiwa ni nini hasa?

Ni picha moja kutumiwa mara mbili au zaidi kana kwamba inaonyesha vitu tofauti. Mtafiti anasema picha ya kushoto ni ya seli za saratani ambazo hazikupewa dawa, na ya kulia ni ya seli zilizopewa dawa. Ukizikazia macho unakuta ni seli zile zile, pengine zimegeuzwa juu chini.

Kurudia picha kwa uwazi si kosa. Kama majaribio mawili yalifanyika siku moja na kundi la kulinganishia, lile lisilopewa dawa, lilikuwa moja, na maelezo chini ya mchoro yanasema hivyo, hakuna aliyedanganywa. Kosa linaanza pale msomaji anapoahidiwa A na B, kisha akaonyeshwa A na A.

Makala ina maneno na takwimu tele. Kwa nini picha zishikiliwe bango hivyo?

Kwa sababu katika biolojia ya saratani, mara nyingi picha ndiyo data yenyewe. Haiwekwi pale kupamba ukurasa. Mwandishi akisema dawa fulani imezima protini fulani, ushahidi wake ni picha ya protini hiyo ikififia. Picha ikianguka, sentensi inayoitegemea inaanguka nayo.

Sisi Uganda tuna sababu ya kulielewa hili. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto. Alituma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona mtoto wa namna hii. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 wakichora ramani ya ugonjwa huo. Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakachapisha picha za hadubini ya elektroni zikionyesha kirusi ndani ya seli zilizokuzwa kutoka kwenye uvimbe huo. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyofunguliwa Mulago mwaka 1967, imesimama juu ya msingi wa kazi hiyo. Hebu fikiria picha zile zingekuwa za kubandikwa.

Tatizo ni kubwa kiasi gani duniani?

Takwimu inayotajwa zaidi ni ya Elisabeth Bik, mtaalamu wa mikrobiolojia mzaliwa wa Uholanzi. Akiwa na wenzake Arturo Casadevall na Ferric Fang, alichunguza makala 20,621 za sayansi ya tiba zilizochapishwa katika majarida 40 kati ya mwaka 1995 na 2014. Bik mwenyewe alizipitia picha kwa macho yake, moja baada ya nyingine. Matokeo yalitoka mwaka 2016: asilimia 3.8 ya makala zilikuwa na picha zenye matatizo, yaani takriban makala 1 katika kila 26. Angalau nusu ya hizo zilikuwa na dalili za kuchezewa kwa makusudi.

Mambo mawili husahaulika takwimu hii inapotajwa. Kwanza, makala hizo hazikuwa za saratani peke yake. Pili, kilichotafutwa hasa ni marudio ndani ya makala ile ile. Picha iliyochukuliwa kutoka makala ya mwaka 2003 ikatumika mwaka 2009 ingeweza kupita bila kuonekana. Kwa hiyo mimi huichukulia asilimia 3.8 kuwa ndiyo ngazi ya chini kabisa.

Picha hurudiwa kwa namna gani?

Bik na wenzake walizigawa mafungu matatu, na mgawanyo huo unasaidia sana unapotaka kukadiria nia ya mtu.

Fungu la kwanza ni picha ile ile, kama ilivyo, imewekwa mahali pawili. Hapa makosa ya kweli ni mengi: faili limechaguliwa vibaya, mtu amebandika usiku wa manane, kesho yake akasahau. Fungu la pili ni picha iliyosogezwa, kuzungushwa au kugeuzwa kama kwenye kioo. Mkono wa mtu umeingia hapo, ingawa bado inawezekana slaidi moja ilipigwa picha mara mbili na majina ya mafaili yakachanganyika. Fungu la tatu ni picha iliyokatwa, kuongezwa au kufutwa sehemu: seli moja imenakiliwa na kupandwa mara nne kwenye picha ile ile, au doa limefunikwa kwa kipande cha mandharinyuma. Sijawahi kusikia maelezo ya bahati mbaya kwa fungu hili yakaniingia akilini.

Kwa hiyo kila aliyerudia picha ni mwizi?

Hapana, na wanaolikimbilia neno hilo wanaharibu kazi nzuri.

Mwaka 2018 Bik na wenzake walichapisha uchunguzi wa makala 960 zilizotoka katika jarida moja la biolojia ya molekuli na seli. Makala 59, sawa na asilimia 6.1, zilikuwa na picha zilizorudiwa isivyofaa. Jarida liliwaandikia waandishi na kuomba maelezo. Mwishowe makala 41 zilisahihishwa, 5 zikabatilishwa, yaani jarida likatangaza kwamba zisitegemewe tena, na 13 hazikuchukuliwa hatua, kwa sababu kama vile maabara kufungwa au miaka kupita. Tazama mgawanyo huo: wengi waliulizwa, wakatoa picha sahihi, mambo yakaisha.

Aliye bado na faili la asili anaweza kusahihisha; asiye nalo hana pa kushika. Ndiyo maana ushauri wangu kwa kila anayetuhumu na kila anayetuhumiwa ni mmoja: data ghafi kwanza, hukumu baadaye. Asiye na data ghafi hawezi kujitetea hata akiwa hana hatia.

Nikitaka kuangalia mwenyewe, niangalie nini?

Chukua slaidi ya limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya niliouelezea juu. Chini ya hadubini ina sura ambayo wanapatholojia huiita anga lenye nyota. Seli za saratani zimebanana, za buluu iliyokolea. Katikati yake zimetawanyika seli kubwa zenye rangi hafifu, makrofaji, zinazokula mabaki ya seli zilizokufa. Nyota hizo hazijipangi mara mbili kwa namna moja, hata kwa mgonjwa mmoja. Sasa chukulia makala ina picha sita, A hadi F, na kila moja inasemekana ni ya mgonjwa tofauti. Kwenye ukingo wa kulia wa picha C unaona nyota tatu zinazofanya pembetatu, na chini yake mkunjo mdogo wa tishu. Kwenye ukingo wa kushoto wa picha F unaziona nyota tatu zile zile, na mkunjo ule ule. Hapo slaidi ni moja. Mpiga picha alisogeza tu meza ya hadubini kidogo, kisha akabonyeza tena. Picha zinazopishana kwa ukingo namna hii hupita kwa urahisi mikononi mwa wahakiki, wataalamu wanaoisoma makala kabla haijachapishwa.

Westani bloti inataka jicho jingine. Protini hupitishwa kwenye jeli kwa umeme, huhamishiwa kwenye utando mwembamba, kisha kingamwili huonyesha ile inayotafutwa. Kinachobaki ni safu ya madoa marefu meusi, ambayo maabara tunayaita bendi. Chini yake huwekwa safu ya protini ya kawaida, mara nyingi aktini ya beta, kuthibitisha kwamba kila kisima kilipata kiasi sawa. Safu hiyo ya chini ndiyo hurudiwa zaidi, kwa kuwa hakuna anayeijali. Usitazame bendi zenyewe, zote zinafanana. Tazama uchafu: chembe ya vumbi juu ya bendi ya tatu, mkwaruzo, kiputo cha hewa, mkia wa bendi uliopinda. Uchafu ukijirudia mahali pale pale katika majaribio mawili, au ukajirudia upande wa pili kama kwenye kioo, una la kuuliza.

Simu inatosha kuanzia. Piga picha ya skrini, igeuze, ongeza kontrasti mpaka mandharinyuma yaonekane. Mstari wima mkali kati ya bendi mbili, wenye kivuli tofauti kila upande, maana yake vipande viwili vimeunganishwa.

Si kuna programu za kompyuta siku hizi?

Zipo. ImageTwin na Proofig ndizo zinazojulikana zaidi, na baadhi ya majarida makubwa huzitumia kabla ya kuchapisha. Zinaweza kulinganisha picha na maelfu ya nyingine kutoka makala za zamani, kazi ambayo jicho haliwezi. Lakini pia hupiga kelele pasipo na moto, na zenyewe hazijui kama maelezo ya mchoro yalikiri kwamba kundi la kulinganishia ni moja. Matokeo ya programu ni swali. Jibu hutoka kwa mtu.

Mama yangu anatibiwa saratani Mulago. Je, dawa anazopewa zinategemea utafiti wa uongo?

Usimwachishe dawa. Ukitaka kusoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, basi soma hili.

Dawa za msingi za saratani zinazotumika hapa zimepita kwenye majaribio ya wagonjwa wengi, katika nchi nyingi, mikononi mwa timu zisizojuana. Saiklofosfamaidi kwa limfoma ya Burkitt ilitumika hapa hapa tangu miaka ya 1960, na watoto waliopona walionekana wakipona. Hilo halitegemei picha ya mtu mmoja. Picha nyingi zinazolalamikiwa ni za hatua ya mwanzo kabisa: seli kwenye kisahani, panya, protini kwenye utando. Kutoka hapo hadi kwenye dripu ya mama yako kuna miaka mingi na vichujio vingi.

Mwenye wasiwasi amuulize daktari wa zamu dawa hii inatumika kwa mpango gani wa matibabu na kwa muda gani. Ni swali la heshima.

Basi hasara iko wapi, kama dawa ziko salama?

Iko kwenye miaka iliyopotea. Mwaka 2012 Glenn Begley na Lee Ellis waliandika kwamba kampuni ya dawa ya Amgen ilijaribu kurudia matokeo ya tafiti 53 za saratani zilizohesabiwa kuwa za kihistoria, na ikathibitisha 6 tu. Mradi mwingine uliomalizika mwaka 2021 ulipanga kurudia majaribio 193 kutoka makala 53. Kwa kukosa data, vifaa na ushirikiano wa waandishi wa awali, ukaweza majaribio 50 kutoka makala 23, na kwa wastani wa kati ukubwa wa matokeo ulikuwa pungufu kwa asilimia 85 kuliko ulivyotangazwa mwanzo.

Kushindwa kurudia jaribio si ushahidi wa udanganyifu. Seli hubadilika, maji ya maabara hutofautiana, bahati nayo hucheza. Ila pale picha ya uongo ilipo, mwanafunzi wa uzamili Mbarara anaweza kutumia miaka miwili ya ruzuku yake akifukuza protini isiyofanya lolote, na asijue kwa nini bendi yake haififii.

Kuna wagonjwa waliowahi kuumia moja kwa moja?

Ndiyo, na kisa kimoja kilitokea Afrika. Hakikuhusu picha bali rekodi za wagonjwa, ila kinaonyesha uongo hufika wapi.

Katika miaka ya 1990 madaktari wengi waliamini kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyoendelea wangesaidiwa na tibakemikali ya dozi kubwa mno, inayoua uboho wa mifupa, kisha wakarudishiwa seli za kuujenga upya. Ni matibabu mazito. Baadhi ya wagonjwa huuawa na dawa yenyewe. Mei 1999, katika mkutano mkuu wa madaktari wa saratani wa Marekani huko Atlanta, tafiti kadhaa ziliwasilishwa. Utafiti wa Werner Bezwoda, wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ndio uliotoa matumaini ya wazi. Nyingine hazikuona faida. Kabla ya kuiga mpango wake, Wamarekani walipeleka wakaguzi Januari 2000 wakaone mafaili ya wagonjwa. Mafaili hayakulingana na kilichosemwa jukwaani. Bezwoda alikiri kupotosha matokeo, chuo kikamfukuza, na makala yake ya mwaka 1995 kuhusu matibabu hayo ikabatilishwa mwaka 2001. Kilichowaokoa wagonjwa waliofuata ni mtu kusafiri hadi kwenye kabati la mafaili na kulifungua.

Kisa cha Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kinafanana kwa upande huo. Makala ya mwaka 2006 ilidai kwamba jeni za uvimbe zinaweza kutabiri ni dawa gani itamfaa mgonjwa. Majaribio kwa wagonjwa yakaanza. Wanatakwimu wawili wa Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes, waliichukua data wakaifumua wakakuta majina ya jeni yamesogea mstari mmoja, na mahali pengine uvimbe unaosikia dawa umeandikwa kuwa hausikii. Walipiga kelele kwa miaka. Majaribio yalisimamishwa mwaka 2010, na mwaka 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia uadilifu wa utafiti ikathibitisha kwamba data ilighushiwa.

Hivi taasisi kubwa za Marekani nazo zimo?

Zimo. Januari 2024 Taasisi ya Saratani ya Dana-Farber, Boston, ilitangaza kwamba inaomba makala 6 zibatilishwe na 31 zisahihishwe, baada ya Sholto David, mwanabiolojia anayeishi Wales, kuonyesha hadharani picha zilizorudiwa. David alikuwa akifanya kazi hiyo nyumbani kwake, kwa kompyuta yake. Hilo halimaanishi kwamba kila mwandishi wa makala hizo alidanganya. Sahihisho si hukumu. Linamaanisha kwamba jina kubwa la taasisi si kinga.

Kwa nini mtu mwenye elimu yote hiyo afanye hivi?

Kupandishwa cheo kunahesabiwa kwa makala. Ruzuku inakwisha Desemba. Mhakiki anataka jaribio la ziada ndani ya wiki mbili, wakati kingamwili imekwisha, mpya imeagizwa kutoka nje, na barafu kavu inayoipoza inaisha kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe huku karatasi za forodha zikisubiri sahihi. Kwenye kompyuta kuna picha ya mwezi uliopita inayofanana kabisa na ile ambayo wewe una hakika ungeipata.

Hakika hiyo ndiyo mtego. Wengi wanaochakachua hawaamini kwamba wanasema uongo. Wanaamini wanawahi ukweli ambao wangeufikia tu. Halafu wapo wa aina nyingine, wanaonunua makala nzima kutoka kwa viwanda vya makala, picha zikiwemo, jina lao likiandikwa juu. Hao ni Nasser Road tupu, ule mtaa wa Kampala unaojulikana kwa nyaraka bandia. Mwaka 2023 makala zilizobatilishwa duniani zilivuka 10,000, na zaidi ya 8,000 zilikuwa za mchapishaji mmoja, Hindawi, iliyokuwa chini ya kampuni ya Wiley.

Mimi ni Mganda, nilichangia sampuli na kutibu wagonjwa. Picha zilitengenezwa ng'ambo. Zikiwa na kasoro, inanihusu?

Inakuhusu. Masharti ya uandishi yanayofuatwa na majarida mengi ya tiba yanasema kila mwandishi anakubali kuwajibika kwa kazi nzima, kwa maana ya kuhakikisha maswali kuhusu usahihi wake yanachunguzwa. Hutatarajiwa kujua kuendesha mashine ya maabara ya Seattle, Marekani. Utatarajiwa kuwa uliuliza.

Hapa naongea kwa ukali kidogo. Tumezoea kupokea rasimu ya mwisho kwa barua pepe siku mbili kabla ya kutumwa, tukajibu “nimeridhika, asanteni,” tukafurahi jina limeingia. Sampuli haziendi nje bila mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mkataba huo ndio mahali pa kuandika kwamba picha ghafi na data ghafi zitarudi Kampala. Baada ya sampuli kupanda ndege, huna tena cha kujadiliana nacho.

Nani anasimamia mambo haya Uganda?

Utafiti unaohusu binadamu unapitishwa na kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kisha unasajiliwa kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1990 na chenye ofisi zake Ntinda. Majaribio ya dawa yanahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa.

Kazi ya vyombo hivyo imeelemea mwanzo wa safari: ridhaa ya mgonjwa, usalama, ukaguzi utafiti unapoendelea. Makala ikishachapishwa na picha ikagundulika kuwa na kasoro, mzigo wa kwanza ni wa chuo au taasisi iliyomwajiri mwandishi, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye pengo. Mkuu wa idara anayepokea malalamiko mara nyingi ni mwandishi mwenza wa mlalamikiwa.

Msimamizi wangu ameniambia “nyoosha kidogo hiyo picha.” Nifanyeje?

Kwanza hakikisha anamaanisha nini. Kung'arisha picha nzima kwa kiasi sawa, na kufanya hivyo hivyo kwa picha ya kulinganishia, kunakubalika mradi hakuna kilichofichwa. Kung'arisha bendi moja, kufuta doa moja, kuleta kipande kutoka jeli nyingine bila kuweka mstari unaoonyesha muungano, hakukubaliki. Jarida moja la biolojia ya seli lilianza kukagua picha zote za makala zilizokubaliwa tangu mwaka 2002 kwa kanuni hizo, na mengine yakaziiga.

Kama anamaanisha lile la pili, usimpinge mbele ya watu. Mwendee ofisini: “Prof, jarida linaweza kutudai faili la asili na hatutakuwa nalo. Naomba wiki hii nirudie jeli, tukipata bendi safi tumemaliza.” Wengi watakubali, kwa sababu umewapa njia ya kutoka bila aibu. Akikataa, mwandikie barua pepe fupi yenye adabu inayoeleza mlichozungumza, na uhifadhi nakala nje ya kompyuta ya maabara. Kisha tafuta mkubwa mwingine asiye na jina kwenye makala hiyo.

Uganda ina sheria ya kuwalinda wafichuaji, ya mwaka 2010. Iliandikwa zaidi kwa ajili ya uhalifu na ukiukaji wa sheria, kwa hiyo ongea na mwanasheria kabla ya kuitegemea kwa suala la mchoro.

Nimeona picha iliyorudiwa kwenye makala ya mtu nisiyemjua. Nimwandikie nani?

Mhariri wa jarida. Taja mchoro, herufi za picha mbili, na unachokiona: “Sehemu ya juu kulia ya 3B inaonekana sawa na sehemu ya chini kushoto ya 5D ikizungushwa nusu mzunguko.” Usitaje nia. Usiandike “amedanganya.” Majarida mengi ni wanachama wa kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, COPE, iliyoanza Uingereza mwaka 1997, na wana hatua za kufuata. Unaweza pia kuandika kwenye PubPeer, tovuti ya kujadili makala zilizochapishwa, inayokuruhusu kuficha jina.

Jiandae kusubiri. Jarida lile la makala 960 lilikadiria kwamba kila kasoro iliyoshughulikiwa baada ya kuchapishwa ilikula takriban saa 6 za wafanyakazi, ilhali kabla ya kuchapishwa ni dakika 30. Wahariri wanajua hesabu hiyo, na wengine hukaa kimya wakitumaini utachoka.

Makala iliyobatilishwa hufutwa?

Kwa kawaida haifutwi. Hubaki pale pale na alama kubwa ya kubatilishwa. Shida ni nakala zilizopakuliwa zamani na kuhifadhiwa kwenye flashi, ambazo hazina alama. Kabla ya kunukuu, fungua ukurasa wa jarida lenyewe.

Nihifadhi vipi data ghafi na maabara yetu haina hata seva?

Hifadhi faili la asili kama lilivyotoka kwenye mashine, kwa umbo la TIFF (aina ya faili la picha lisilopunguza ubora) au la mashine yenyewe, na usiliguse tena. Kila marekebisho yafanyike kwenye nakala. Jina la faili libebe tarehe, namba ya jaribio na namba ya jeli au slaidi. Faili linaloitwa “picha mpya ya mwisho kabisa 2” limeshaanza kesi yako. Namba hiyo hiyo iandikwe kwenye daftari la maabara, kwa kalamu.

Usitume picha za utafiti kwa WhatsApp halafu ukazichukua hizo kuwa ndizo za makala. Inazibana na kuondoa maelezo ya lini na kwa kifaa gani zilipigwa, na hayo ndiyo yangekutetea. Weka nakala mbili kwenye diski mbili, moja ikae jengo jingine. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, rudia, halafu ufungue faili uone kama linafunguka. Jina la mgonjwa lisiwemo popote kwenye jina la faili. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamlinda, na inakubana wewe.

Akili mnemba je?

Februari 2024 jarida moja lilichapisha mchoro wa panya mwenye viungo vya uzazi vikubwa kuliko mwili wake, umeandikwa maneno yasiyo na maana, umetengenezwa na akili mnemba. Ulipita kwa wahariri na wahakiki. Makala ilibatilishwa baada ya siku chache watu walipoanza kucheka. Panya yule hanitishi. Kinachonitisha ni bendi tano za kijivu zilizotengenezwa leo, ambazo hazijawahi kutokea popote, kwa hiyo hakuna programu itakayozikuta zimerudiwa. Mbele ya hizo, kitakachobaki ni kumdai mwandishi faili la mashine.

Nilijitolea kwenye utafiti wa saratani ya mlango wa kizazi. Nikisikia makala yake ina walakini, nina haki ya kuuliza?

Unayo. Siku uliposaini fomu ya ridhaa ulipaswa kupewa nakala. Kwa kawaida mwishoni mwa fomu kuna namba ya mtafiti mkuu, namba ya mwenyekiti wa kamati ya maadili, na mawasiliano ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Piga ile ya mwenyekiti wa kamati. Taja jina la utafiti lililo juu ya fomu, uliza kama matokeo yaliyochapishwa yamesahihishwa au kubatilishwa, na uliza sampuli zako ziko wapi sasa. Kama hukupewa nakala, mwambie hilo pia, maana hiyo peke yake ni hoja ya kamati kuifuatilia.